Jules Verne hakuwa mtabiri, alikuwa msomaji wa magazeti

Katika riwaya iliyompa jina Jules Verne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 19, safari ya kuvuka Afrika inaanzia Zanzibar. Dakta Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy na mtumishi wao Joe wanashuka kutoka kwenye meli ya Kiingereza mwezi Aprili 1862, wakiwa na puto la hariri walilolipa jina la Victoria. Wenyeji wakisikia kuna Mkristo anayetaka kupaa angani, wanakuja juu. Wanadhani anakwenda kulidhuru jua na mwezi, na hivyo viwili, anatueleza mwandishi, vinatukuzwa na Waafrika. Basi puto linahamishiwa kisiwa kidogo mbele ya bandari, linajazwa gesi chini ya ulinzi, na wale watatu wanaondoka zao kuelekea bara.

Mtu aliyelelewa Unguja akisoma ukurasa huo anacheka kwanza, halafu anauliza: mji huu wa misikiti na vyuo, ambao watu wake wanautafuta mwezi mwandamo wajue lini wafunge na lini wale Idi, umekuwaje mji wa watu wanaouabudu mwezi? Jibu ni kwamba aliyeandika hakufika. Verne hakuikanyaga Zanzibar maisha yake yote. Hata puto hakuwa amelipanda. Alipanda mara moja tu, mwaka 1873 mjini Amiens, kwa dakika 24, miaka 10 baada ya kitabu kutoka. Alichokuwa nacho ni meza, ramani, na vitabu vya watu wengine waliosafiri.

Naanzia hapo kwa sababu sifa anayopewa Verne kila pahali ni kwamba alikuwa mtabiri: aliiona nyambizi kabla haijaundwa, akaiona safari ya mwezini miaka 100 kabla ya Apollo, vyombo vya Wamarekani vilivyofika huko. Ni kilemba cha ukoka hicho. Ukimvua, unabaki na mtu wa kuvutia zaidi, na makosa yake nayo unajua yalikotoka.

Mtoto wa bandarini

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 mjini Nantes, bandari ya mto Loire magharibi mwa Ufaransa, kwenye kisiwa cha Feydeau katikati ya mji. Majumba ya kisiwa hicho yalijengwa na matajiri wenye meli, na sehemu kubwa ya utajiri wa Nantes katika karne ya 18 ilitokana na kuwapeleka Waafrika utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Baba yake, Pierre Verne, alikuwa mwanasheria na alitaka Jules, mwanawe wa kwanza, airithi ofisi.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana, kwamba akiwa na miaka 11 Jules alitoroka nyumbani akajipenyeza kwenye meli iendayo Bara Hindi, baba akamwahi, naye akaapa kwamba kuanzia siku hiyo atasafiri kwa mawazo tu. Kilienezwa na mtu wa ukoo wake katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1928, na wachunguzi waliokuja baadaye hawakiamini. Wala si kweli kwamba alisafiri kwa mawazo tu. Alifika Uskoti, Skandinavia, Marekani, Algeria na Tunisia, na alimiliki mashua tatu kwa kupokezana, zote zikiitwa Saint-Michel, ya mwisho ikiwa na injini ya mvuke.

Alipelekwa Paris kusoma sheria, akamaliza, akaikataa ofisi ya baba. Alichokitaka ni jukwaa. Alexandre Dumas, mfalme wa riwaya za wapiganaji wa panga wakati huo, alimsaidia mchezo wake mmoja ukaonyeshwa mwaka 1850, lakini haukumtoa. Ikapita zaidi ya miaka 10 ya kuandika maneno ya michezo ya muziki, hadithi za magazetini, na kazi ya ukatibu katika jumba la maonyesho. Mwaka 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye binti wawili, na nyumba ikataka pesa. Akawa dalali katika soko la hisa la Paris, anaandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ana miaka 34, hana kitabu cha maana, ndipo akakutana na Pierre-Jules Hetzel.

Mwenye duka na fundi wake

Bila Hetzel huwezi kumwelewa Verne, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Hetzel alikuwa mchapishaji wa waandishi wakubwa wa Ufaransa: wa Balzac, wa George Sand, wa Victor Hugo. Alikuwa pia mtu wa jamhuri. Louis-Napoléon alipopindua serikali Desemba 1851, Hetzel alikimbilia Ubelgiji, akarudi baada ya msamaha. Alirudi na wazo moja: watoto wa Ufaransa walikuwa wakisomeshwa kwa sehemu kubwa chini ya mkono wa Kanisa, na yeye alitaka wapate sayansi nyumbani, kwa njia ya hadithi. Machi 1864, pamoja na mwalimu Jean Macé, alianzisha jarida la elimu na burudani kwa familia. Verne, ambaye kitabu chake cha puto, "Cinq semaines en ballon", kilikuwa kimetoka kwake Januari 1863, akakabidhiwa upande wa jiografia na sayansi.

Biashara yenyewe ilipangwa kwa akili. Riwaya moja iliuzwa mara tatu. Kwanza ilitoka vipande vipande ndani ya jarida. Kisha ikatoka kama kitabu kidogo cha bei nafuu, bila picha. Mwisho wa mwaka ikaja ile kubwa yenye picha za kuchongwa na jalada la rangi na dhahabu, ambayo wazazi wa Kifaransa waliwanunulia watoto kama zawadi ya mwaka mpya. Mfululizo wote ukaitwa "Voyages extraordinaires", safari zisizo za kawaida, na Hetzel aliutangazia umma lengo lake: kufupisha elimu yote ya jiografia, jiolojia, fizikia na falaki iliyokusanywa na sayansi ya zama zake. Mkataba wa mwaka 1865 ulimdai Verne majuzuu matatu kwa mwaka, na ule wa 1871 ukayapunguza kuwa mawili. Kwa malipo hayo aliliacha soko la hisa. Mpaka anakufa alikuwa ametoa zaidi ya riwaya 50.

Kwa hiyo ukiwa ndani ya kisa kinachokimbia, halafu ghafla kinasimama kupisha kurasa nzima za majina ya samaki, usimlaumu mwandishi peke yake. Ndiyo kazi aliyoajiriwa nayo. Wengi huziruka kurasa hizo, nami sijawahi kuwalaumu.

Namna alivyofanya kazi inajulikana vizuri, kwa sababu aliwaeleza waandishi wa habari waliomtembelea Amiens, mji wa nyumbani kwa mkewe, alikohamia mwaka 1871. Aliamka saa 11 alfajiri, akaandika mpaka karibu na saa 5 mchana katika chumba kidogo chenye kitanda cha chuma. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya penseli, kisha akapita juu yake kwa wino. Nakala za majaribio zikija kutoka kiwandani, alizikata na kuziandika upya mara nyingi hadi wachapaji wakachoka. Mchana alikwenda maktaba ya chama cha wenye viwanda pale mjini, akasoma magazeti na majarida ya kisayansi, akanakili kila alichoona kitamfaa kwenye vipande vya karatasi. Alisema amekusanya zaidi ya 20,000. Uzeeni, alipolinganishwa na mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliudhika kidogo: yeye hutumia fizikia iliyopo, mwenzake hubuni madini yasiyokuwepo duniani ili afike mwezini.

Hapo ndipo "utabiri" ulipotoka, kwenye vipande vya karatasi.

Vitu vilivyokuwepo tayari

Chukua Nautilus, nyambizi ya Kapteni Nemo katika riwaya "Vingt mille lieues sous les mers" (lieue 20,000 chini ya bahari), iliyoanza kutoka jaridani mwaka 1869. Jina hilo Mmarekani Robert Fulton alikuwa amelipa nyambizi yake aliyoijaribu Ufaransa mwaka 1800. Jeshi la majini la Ufaransa lilishusha majini nyambizi iitwayo Plongeur mwaka 1863, ikisukumwa na hewa iliyoshindiliwa, na mfano wake ukawekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1867, ambayo Verne aliyatembelea. Plongeur ilikwenda karibu na kwa taabu. Verne aliipa umeme, akaipa saluni yenye maktaba na kinanda, akaipeleka safari ya kilomita 80,000. Zile "20,000" za jina la kitabu ni urefu wa safari hiyo kwa kipimo cha Kifaransa cha kilomita 4. Wengi hudhani ni kina cha bahari, ambacho kingekitokeza chombo upande wa pili wa dunia kikaendelea.

Safari ya mwezini ni mfano mzuri zaidi, maana hapo alipatia na kukosea kwa wakati mmoja. Katika kitabu cha 1865, wapiga mizinga wa Baltimore, waliokosa kazi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, wanaamua kuupiga mwezi risasi. Ni kejeli, tena kali: watu waliokatika mikono na miguu wanalia kwamba amani imewaharibia maisha. Mahesabu Verne aliyapitisha kwa binamu yake Henri Garcet, mwalimu wa hisabati. Kasi waliyoipata, kama kilomita 11 kwa sekunde, ndiyo kweli inayotakiwa kuikimbia dunia. Mahali pa kurushia ni Florida, na watu hushangilia kwamba Apollo 11 nayo iliondoka Florida. Lakini sababu hazifanani. Verne alitaka mwezi upite utosini mwa mzinga, jambo lisilowezekana ukivuka latitudo ya 28, na katika Marekani ni kusini mwa Florida na Texas tu panapofaa. Wahandisi wa karne ya 20 walitaka bahari wazi upande wa mashariki, na msukumo wa mzunguko wa dunia, ambao huongezeka kadiri unavyosogelea ikweta. Ukiwa Mmarekani ukaangalia kusini kwa sababu yoyote ya anga, Florida ndiyo inayokukodolea macho.

Mzinga wenyewe sasa. Una urefu wa futi 900, yaani mita 274 hivi. Ukimtoa mtu kwenye kutulia hadi kilomita 11 kwa sekunde ndani ya umbali huo, uzito wake unazidishwa zaidi ya mara 20,000. Wale abiria watatu wasingefika hata mdomoni mwa mzinga wakiwa na umbo la binadamu. Verne alijua kuna tatizo, akawawekea sakafu ya maji ya kupunguza kishindo. Maji hayasaidii kitu hapo. Alichokosa ni roketi, na alikosa kwa sababu katika magazeti ya 1865 mzinga ndio uliokuwa mashine yenye nguvu kuliko zote.

Na riwaya yake iliyouzwa kupita zote haina hata chembe ya yajayo. "Le Tour du monde en quatre-vingts jours", safari ya kuizunguka dunia kwa siku 80, ilitoka katika gazeti la Le Temps Novemba na Desemba 1872. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869. Reli ya kukata Marekani kutoka pwani hadi pwani ilikamilika mwaka huohuo. Reli ya Bombay hadi Calcutta iliungana mwaka 1870. Ukijumlisha ratiba za meli na treni, siku 80 zinapatikana, na ndani ya kitabu rafiki mmoja wa msafiri mwenyewe, Phileas Fogg, anasema hesabu hiyo imepigwa na gazeti.

Kilichobaki kwa mwandishi ni ule mtego wa mwisho. Fogg anarudi London akiamini amechelewa na ameshindwa, kumbe ana siku moja mfukoni. Alisafiri kuelekea mashariki, analiendea jua, na kila digrii moja ya longitudo ilimfupishia siku kwa dakika 4. Dunia ina digrii 360, na 360 mara 4 ni dakika 1,440, saa 24 kamili. Yeye aliona jua likichomoza mara 80, walioketi London waliona mara 79. Kanuni hiyo mabaharia walikuwa wakiijua siku nyingi, na Edgar Allan Poe alikuwa ameshaitungia hadithi fupi. Ufundi wa Verne ni kuificha mbele ya macho ya msomaji kitabu kizima: mtumishi Passepartout anakataa katakata kurekebisha saa yake, tunamcheka, na jawabu lipo mkononi mwake.

Asiyekuwepo na lake halipo

Sasa turudi Afrika, kwa sababu meza ileile iliyompa usahihi ndiyo iliyompa upofu.

Habari za Zanzibar na njia ya kwenda Kazeh, yaani Tabora, alizitoa kwenye vitabu vya wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke, waliopita huko kuanzia mwaka 1857. Habari za Sahara na Sudan ya magharibi alizitoa kwa Mjerumani Heinrich Barth. Ndiyo maana anaandika kwamba Zanzibar ya 1862 ni mali ya Imamu wa Maskati, ilhali tangu Aprili 1861 uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, ulikuwa umezitenga dola hizo mbili, Majid akabaki na Zanzibar na Thuwaini akabaki na Maskati. Vitabu alivyokuwa navyo vilikuwa vimepitwa na wakati kwa miaka michache.

Upande mwingine bahati ilimpenda. Puto la Victoria linapita juu ya Nyanza, abiria wake wanauona mto ukitoka ziwani kuelekea kaskazini, na wanathibitisha kwamba ndio Nile. Kitabu kilitoka tarehe 31 Januari 1863. Speke wa kweli alikuwa amesimama penye maporomoko ya mto huo unapotoka ziwani, Jinja ya leo, Julai 1862, lakini Ulaya haikuwa imejua bado. Alifika Gondokoro, kituo cha kaskazini zaidi kwenye mto huo, Februari 1863 na habari zikamfuata nyuma. Msomaji wa Paris aliyenunua riwaya dukani aliyakuta miezi michache baadaye magazetini. Si ajabu wakaanza kumwita mtabiri! Lakini Speke alikwishaisema dhana hiyo tangu safari yake ya 1858. Verne aliiamini tu kabla wengine hawajaiamini.

Na puto? Liliendeshwa kwa kuipasha moto gesi ya haidrojeni iliyo ndani yake ili lipande, na kuiacha ipoe ili lishuke, bila kutupa mizigo. Moto huo ulitokana na maji yaliyotenganishwa kwa betri. Betri ya kubebeka ya zama hizo isingetoa nguvu hiyo hata kwa siku moja, na kuwasha moto chini ya fuko la haidrojeni ni kujitakia mauti. Verne analieleza kwa utulivu na kwa tarakimu nyingi kiasi kwamba unaliamini. Hiyo ndiyo siri yake: tarakimu sahihi 10 zinabeba ya 11 isiyo sahihi.

Ila watu wa Afrika hawakupata hata tarakimu hizo. Kazeh wanaliona puto wanadhani mwezi umeshuka. Mahali pengine kundi la nyani linaushambulia mti ambao puto limefungwa, na mmoja wa abiria, akitazama kwa mbali, anadhani ni wenyeji. Wanapogundua ni nyani, kunafuatia mzaha kwamba kwa mbali hakuna tofauti kubwa, na Joe anaongeza kuwa hata kwa karibu. Mzaha huo ulichapishwa katika mfululizo wa kuelimisha watoto, ukapita kwa Hetzel mtu wa jamhuri, ukapewa zawadi ya mwaka mpya kwa vizazi vya Wafaransa. Usiseme ni ulimi uliteleza. Kuna wanaomtetea kwa kutaja riwaya yake ya 1878, "Un capitaine de quinze ans", inayoulaani waziwazi utumwa na misafara yake huko Angola, na ni kweli inaulaani. Lakini hata humo Mwafrika wa bara ni wa kuokolewa au wa kuogopwa. Yeye mwenyewe hana la kusema.

Mzinga ndani ya Kilimanjaro

Kitabu chake cha Afrika Mashariki ninachokipenda kinasomwa na wachache. Ni "Sans dessus dessous" cha mwaka 1889. Wapiga mizinga walewale wa Baltimore, sasa wazee, wanainunua Ncha ya Kaskazini mnadani. Wanaamini chini yake kuna makaa ya mawe. Barafu inawazuia, na suluhisho lao ni kuusukuma mhimili wa dunia kwa kishindo cha mzinga mmoja, ncha isogee ipate joto na majira ya mwaka yafutike. Mzinga wa namna hiyo haujengeki. Lazima uchimbwe ndani ya mlima, usiwe mbali na ikweta, tena mahali ambapo serikali za Ulaya hazichunguzi. Wanachagua Kilimanjaro.

Wanatoboa shimo la mita 600 kwenda ndani na upana wa mita 27, la kurushia kombora la tani 180,000. Maelfu ya Waafrika ndio wanaochimba. Sultani wa kubuni wa nchi ya Wamasai anawapokea wageni kwa heshima na kuwapa watu wa kazi. Wakati huo dunia nzima imetaharuki, kwa kuwa mhimili ukihama bahari zitahama nazo, na kila taifa linauliza litazama au litaachwa juu hewani. Mzinga unapigwa, na dunia haitikisiki. Mwanahisabati wa kampuni, J. T. Maston, alikuwa ubaoni wakati radi ilipopiga, akaandika upya mzingo wa dunia na kuacha sifuri tatu. Kosa dogo la mwanzo likabebwa mpaka mwisho. Hesabu hizo Verne hakuzifanya mwenyewe. Alimlipa mhandisi wa migodi, Albert Badoureau, azifanye kikweli.

Tazama mwaka wenyewe. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Mlima ulikuwa tayari umewekwa upande wa Wajerumani kwa makubaliano yao na Waingereza ya 1886, bila mwenyeji kuulizwa. Pwani, kuanzia Pangani, Abushiri na wenzake walikuwa wakipigana na kampuni ya Kijerumani, na Desemba 1889 akanyongwa. Verne hakuandika habari za Abushiri. Lakini mnada wa Ncha ya Kaskazini, ambamo nchi tajiri zinabishana bei ya ardhi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga, ameutoa kwenye magazeti ya zama za mkutano wa Berlin, ule wa mataifa ya Ulaya kugawana Afrika, na safari hii anayechekwa ni mnunuzi. Umri ulikuwa umembadilisha, au tuseme magazeti yalibadilika naye akayafuata.

Yaliyokatwa na mkono wa Hetzel

Hetzel hakuchapa tu, alikata. Nemo, katika mpango wa kwanza wa Verne, alikuwa Mpolandi ambaye Warusi walimwangamizia familia baada ya maasi ya 1863. Hetzel alikataa, kwani Urusi ilikuwa soko na rafiki. Waliandikiana barua za kuvutana kwa muda mrefu, mwisho Nemo akabaki bila taifa, na ndiyo sababu hasira yake katika kitabu hicho haina maelezo. Maelezo yalikuja katika "L'Île mystérieuse" ya 1874 na 1875, ambamo tunaambiwa ni mwanamfalme wa Kihindi, Dakkar, aliyepigana katika maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza. Mhindi anayewachukia Waingereza hakumuudhi mnunuzi yeyote wa Paris.

Aliwahi pia kukataa kitabu kizima. Baada ya puto, Verne alimpelekea riwaya kuhusu Paris ya mwaka 1960. Ina magari yanayotembea kwa gesi, treni za mjini, mashine za kutuma picha za maandishi kwa waya, mabenki yanayotawala kila kitu, na kijana mshairi asiye na kazi wala chakula anayeishia kuzimia makaburini katika baridi kali. Hetzel alimjibu kwa ukali kwamba hakuna atakayeuamini utabiri huo. Mswada ukawekwa ndani ya kasha la chuma, ukagunduliwa na kitukuu wa Verne, ukachapishwa mwaka 1994. Kwa hiyo mtu anayeitwa mtabiri alijaribu kweli kutabiri mara moja, akiwa kijana, na akaambiwa aache. Ukiusoma sasa, mashine zake hazishangazi sana, maana nyingi zilikuwa kwenye majaribio. Kinachochoma ni ile hofu kwamba mji utakuwa na kila kitu isipokuwa nafasi ya mtu wa vitabu.

Miaka ya mwisho haikuwa ya furaha. Machi 1886 mpwa wake Gaston, aliyekuwa mgonjwa wa akili, alimpiga risasi mguuni, akachechemea mpaka kufa. Siku chache baadaye Hetzel akafariki. Mashua alikuwa amekwishaiuza. Aliingia baraza la mji wa Amiens mwaka 1888, akashughulikia maonyesho na sarakasi, na aliipenda kazi hiyo. Mwaka 1896 Eugène Turpin, mvumbuzi wa baruti kali, alimshtaki kwamba mwanasayansi mwendawazimu wa riwaya mojawapo ni yeye. Wakili wa Verne alikuwa Raymond Poincaré, rais wa baadaye wa Ufaransa, na Verne akashinda, ingawa katika barua kwa ndugu yake Paul alikuwa amekiri kwamba Turpin ndiye aliyemfikiria. Gazeti tena. Alifariki tarehe 24 Machi 1905 kwa kisukari, hajawahi kuingizwa katika Akademia ya Ufaransa, jambo lililomuuma.

Vitabu viliendelea kutoka. Mwanawe Michel alitoa riwaya kadhaa zilizobaki mezani, na kwa miaka mingi zilisomwa kama kazi ya baba. Miaka ya 1970 miswada ya asili ilipopatikana, ikaonekana Michel aliingiza wahusika, akaongeza sura, akabadili miisho. "L'Étonnante Aventure de la mission Barsac", inayohusu Afrika Magharibi, kwa sehemu kubwa ni yake. Matoleo ya miswada halisi yalianza kuchapwa miaka ya 1980.

Nalitaja hili kwa faida ya anayetaka kuanza kumsoma. Wengi wetu tunampata kwa Kiingereza, na tafsiri za Kiingereza za karne ya 19 zilimkata vibaya. Ile ya Nautilus iliyofanywa na kasisi Lewis Mercier iliacha karibu robo ya kitabu, ikaharibu vipimo, na matoleo ya bei rahisi na ya bure mtandaoni mara nyingi bado ni hiyo. Angalia jina la mfasiri kabla ya kupakua. Kwa kuanzia ningechagua siku 80, kisha Nautilus katika tafsiri mpya kamili, na cha Kilimanjaro baada ya hapo. Cha puto kisome mwisho, ukiwa umeshamjua mtu unayebishana naye.